Kabla ya Mlango wa Friji: Namna ya Kutunza Mboga Zilizokatwa

Jioni ikiingia katika mitaa ya Nairobi, mama mboga hana nafasi ya kupumua. Mteja ametaka sukuma wiki ya shilingi 30, na anaitaka ikiwa imekatwa. Majani yanapangwa moja juu ya jingine, yanakunjwa na kubanwa kwa mkono mmoja, kisha kisu chembamba kinapita haraka mbele ya vidole na nyuzi za kijani zinaangukia mfukoni. Kabla mteja hajatafuta chenji, kazi imekwisha.

Mteja huyo akifika nyumbani akakuta kuna kiporo cha maharage, mfuko unaingia kwenye friji kama ulivyo. Siku ya tatu anaufungua. Matone ya maji yametanda kwa ndani, majani ya chini yanateleza, yale ya juu yamepiga manjano, na harufu si ya mboga tena. Lawama inaenda kwa friji: haigandishi vizuri, imezeeka, fundi aitwe.

Mara nyingi friji haina kosa. Baridi haiponyi mboga wala haiisafishi. Inapunguza tu kasi ya mambo ambayo tayari yameshaanza. Namna mboga ilivyochaguliwa, ilivyooshwa, ilivyokaushwa na ilivyokatwa ndiyo inayoamua kama itakaa siku 2 au siku 6, na yote hayo hufanyika kabla mlango wa friji haujafunguliwa.

Kisu kinafanya nini

Mboga iliyovunwa bado iko hai. Inavuta oksijeni na kutoa kabonidioksaidi, mvuke na joto, huku ikitumia sukari iliyojiwekea ilipokuwa shambani. Haina mizizi ya kuirudishia kile inachotumia, kwa hiyo kila saa inayopita inapungukiwa. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huko huongezeka mara 2 hadi 3. Ndiyo sababu fungu la mchicha lililokaa juani tangu asubuhi linakuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya maisha yake kufikia mchana, hata kama kwa macho bado linapendeza.

Mboga hazilingani. Brokoli, njegere, uyoga na mahindi mabichi hupumua kwa kasi kubwa. Vitunguu, viazi na karoti hupumua polepole. Anayetaka kuhakikisha na atie mkono katikati ya gunia la njegere sokoni: atakuta joto, na joto hilo limetoka kwenye njegere zenyewe.

Kisu kinapopita, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, mboga inajibu jeraha kwa kupumua kwa nguvu zaidi. Pili, seli zilizopasuka zinamwaga utomvu, na humo vimeng'enya vinakutana na kemikali ambazo ndani ya seli nzima vilikuwa vimetengwa nazo. Oksijeni ikiongezeka hapo, rangi ya kahawia inajitokeza, kama inavyoonekana kwenye biringanya na viazi. Tatu, ngozi iliyokuwa kinga imefunguka. Maji yanatoka, na vijidudu vinapata chakula chenye sukari na unyevu.

Hili la tatu ndilo linalogusa afya. Yupo bakteria aitwaye Listeria monocytogenes ambaye, tofauti na wengi wa aina yake, huendelea kuongezeka hata kwenye baridi ya friji, ingawa polepole. Ni hatari hasa kwa wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ya mwili. Friji haitamwondoa aliyeingia pamoja na udongo. Kinachomzuia ni usafi wa mwanzo, baridi ya kutosha na kutoiweka mboga muda mrefu.

Kuosha, kisha kukausha, kisha kukata

Mpangilio huu ni muhimu kuliko kifaa chochote. Mboga huoshwa ikiwa nzima. Ikikatwa kwanza, kisu kinabeba udongo wa nje na kuupaka ndani, na maji ya kuoshea yanaingia penye majeraha. Isitoshe, vitamini C huyeyuka kwenye maji. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kisha ikalowekwa kwenye beseni huacha sehemu yake humo, na maji hayo yanamwagwa.

Oshea kwenye maji yanayotiririka au badilisha maji ya beseni mpaka yabaki meupe na chini kusiwe na mchanga. Sabuni haitakiwi, kwa kuwa mboga huifyonza. Kwa mboga zitakazoliwa mbichi, kama za kachumbari, maji yawe ya kunywa: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Si bure kwamba kila kipindupindu kinapozuka, maofisa wa afya huonya kuhusu mboga mbichi na matunda yaliyokatwa yanayouzwa barabarani.

Baada ya hapo, kausha. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mboga iliyolowa inang'aa na kuonekana mbichi kabisa. Lakini utando wa maji uliobaki juu ya jani ndio unaoleta utelezi. Majani hutandazwa kwenye chujio kwa dakika kadhaa, kisha huwekwa katikati ya kitambaa safi cha pamba. Pembe nne zikishikwa pamoja, kitambaa huzungushwa hewani mara kadhaa, nje au bafuni, na maji yanaruka. Hoho, karoti na matango hufutwa moja moja.

Aliyenunua sukuma iliyokwisha kukatwa sokoni bila kuoshwa asiioshe ndipo aiweke. Aiweke ikiwa kavu, aioshe dakika chache kabla ya kuipika, na aipike siku hiyo au kesho yake. La bora zaidi ni kumwomba muuzaji majani mazima.

Kisu nacho kiwe kikali. Kisu butu kinaponda seli za pande zote mbili za mkato, na jeraha linakuwa pana. Tofauti inaonekana kwa jicho kwenye giligilani, ambayo Kenya huitwa dania: iliyokatwa kwa kisu kikali inabaki kijani na ubao unabaki karibu mkavu, iliyopondwa kwa kisu butu inaacha doa la kijani kwenye ubao, na hadi kesho imekuwa nyeusi. Ukubwa wa vipande pia una maana. Kadiri vinavyokuwa vidogo ndivyo majeraha yanavyokuwa mengi, hivyo mboga ya kukaa siku kadhaa ikatwe vipande vikubwa, ikamaliziwe siku ya kupika. Na ubao uliokatiwa kuku au nyama usiguse mboga mpaka uoshwe kwa sabuni na maji moto.

Chombo na unyevu wake

Mboga iliyokatwa inahitaji hewa yenye unyevunyevu, isikauke, lakini isikalie maji. Njia rahisi ni chombo chenye mfuniko, chini kukiwa na karatasi ya jikoni au kitambaa chembamba kikavu, na kingine juu ya mboga. Karatasi inanyonya matone yanayotoka kwenye mboga yenyewe. Ikilowa, hubadilishwa. Chombo kisishindiliwe, vipande vilivyobanwa vinapondana na joto lake halipati pa kutokea.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Mifuko mbadala iliyoingia mahali pake inapitisha hewa. Ni mizuri kwa kubebea, lakini mboga ikiachwa humo ndani ya friji inanyauka, hasa katika friji zisizofanya barafu, ambazo hupuliza hewa kavu muda wote. Kwa hiyo mboga itolewe kwenye mfuko ikifika tu nyumbani.

Friji yenyewe

Kiwango cha kulenga ni nyuzi 1 hadi 4, na isizidi 5. Namba zilizo kwenye swichi ya friji nyingi, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzi joto. Ni nguvu ya ubaridi, na katika friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Njia ya kujua ukweli ni kutia kipimajoto kwenye glasi ya maji, kuiweka rafu ya kati usiku kucha na kukisoma asubuhi. Kipimajoto kidogo cha friji ni kifaa cha bei nafuu, na kinamaliza ubishi wa siku nyingi.

Mlangoni ndiko kwenye joto kuliko kwingine, kwa kuwa kila unapofunguliwa hewa ya jikoni inaingia. Huko zikae soda na achari. Ukuta wa nyuma, hasa kwenye friji zinazotoa barafu, unaweza kugandisha: jani lililougusa linakuwa jeusi na laini kama lililochemshwa, na halirudi. Mboga iliyokatwa ikae rafu ya kati au kwenye droo ya chini, mbali na ukuta. Nyama mbichi na samaki wawe chini yake, kwenye bakuli, wasije wakaidondoshea.

Jirani wa kuogopwa ni tunda linaloiva. Ndizi mbivu, embe, parachichi, tufaha na nyanya hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuzeeka kwa mboga. Brokoli hugeuka manjano, mboga za majani hupauka, karoti huwa chungu. Ndizi na maembe yana mahali pake nje ya friji. Yaliyokatwa yakiingia, yawe kwenye chombo chake kilichofungwa.

Kila mboga na tabia yake

Siku zinazotajwa hapa ni za friji isiyozidi nyuzi 5, na za mboga iliyoingia ikiwa safi na kavu.

Sukuma wiki, mchicha na matembele: siku 2 hadi 3 zikikatwa. Majani mazima, yaliyokaushwa na kufungwa kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, hukaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo anayepanga mboga za wiki nzima afadhali aoshe na kukausha yote, kisha akate ya leo tu.

Kabichi: iliyokatwa nyembamba hukaa siku 3 hadi 5. Nusu iliyobaki isikatwe. Ifungwe vizuri upande wa mkato, na siku ya kuitumia ivuliwe safu nyembamba ya mkato iliyoingia weusi.

Karoti ni rafiki wa friji; vijiti vyake hukaa siku 5 hadi 7. Utando mweupe unaotokea juu yake ni ukavu, wala si ukungu. Maji baridi kidogo huurudisha urembo wake, na kitambaa chenye unyevu ndani ya chombo huzuia usitokee.

Hoho: siku 3 hadi 5. Mbegu na nyama nyeupe ya ndani ziondolewe zote, kwani huanza kuoza kabla ya hoho yenyewe. Njegere zilizomenywa: siku 2 hadi 3, na zipozwe mapema iwezekanavyo, maana utamu wake ni sukari ambayo inageuka wanga saa hadi saa.

Vitunguu maji: hadi siku 7 kwenye chombo kinachofunga kabisa, la sivyo maziwa na siagi vitanuka kitunguu. Uvumi kwamba kitunguu kilichokatwa kinavuta vijidudu vyote vya nyumbani na kugeuka sumu hauna msingi. Kinaharibika kama mboga nyingine, na hutunzwa kama mboga nyingine.

Vitunguu saumu vinahitaji uangalifu wa pekee. Vilivyosagwa na kufunikwa kwa mafuta visiachwe kamwe kwenye kabati. Mafuta yanazuia oksijeni, na hapo bakteria Clostridium botulinum, anayekaa kwenye udongo, anaweza kuzaa sumu kali isiyo na harufu wala ladha. Vikae kwenye friji siku zisizozidi 4, au vigandishwe kwenye vitrei vya barafu.

Nyanya, matango, biringanya na bamia hazipendi baridi kali. Zikiwa nzima, baridi ya friji kwa siku nyingi huzitia madoa, huzilainisha na kuziondolea ladha. Zikishakatwa, usalama unatangulia: ziingie friji na ziliwe ndani ya siku 1 hadi 2. Biringanya ikipakwa maji ya limau huchelewa kuwa nyeusi, kwa kuwa vimeng'enya vya rangi ya kahawia havipatani na uchachu.

Viazi vilivyomenywa huzamishwa majini, kama wafanyavyo wauza chipsi wa Dar es Salaam na ndoo zao. Maji yanazuia oksijeni na kuondoa wanga wa juu, na chipsi zinatoka kavu. Ila ndoo iliyokaa kwenye joto la mchana inachacha. Nyumbani, bakuli hilo lifunikwe, liwekwe kwenye friji, na viazi vipikwe ndani ya siku 1.

Wanavyofanya wanaouza Ulaya

Kenya ina shule kubwa ya jambo hili. Mishiri (maharage machanga ya maganda), njegere za maganda na mahindi machanga hupelekwa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya kwa ndege, na sehemu ya mzigo huo hukatwa ncha, huchanganywa na kutiwa kwenye pakiti zenye lebo ya duka huku huku Nairobi. Mlaji wa London anafungua pakiti na kuimimina kwenye sufuria.

Siri yao si mashine ya ajabu. Mboga inavunwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakulima wadogo huihifadhi kwenye vibanda vya kivuli ambavyo kuta zake ni mkaa uliobanwa kati ya nyavu na kumwagiwa maji. Maji yakikauka yanachukua joto, na ndani kunapoa bila umeme. Kiwandani, hewa baridi husukumwa kupita katikati ya kreti ili joto la shambani litoke kabla kisu hakijagusa kitu. Wafanyakazi hukatia kwenye chumba baridi, wakiwa na makoti. Kutoka hapo baridi haikatiki hadi ndege iruke.

Aprili 2010 ilionyesha kikomo cha ustadi huo. Volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilitapika majivu, viwanja vya ndege vya Ulaya vikafungwa kwa siku kadhaa, na mizigo ikarundikana Nairobi. Vyumba vya baridi vilijaa, na tani kwa tani za maua na mboga zikaishia kutupwa. Baridi ilikuwapo, muda ndio uliokuwa umekwisha.

Mpishi wa nyumbani anaweza kuazima mambo mawili hapo. Mboga iliyotoka sokoni ikiwa na joto ipozwe kwanza, nzima, saa 1 au 2 kwenye friji, ndipo ikatwe. Na ikishakatwa isikae mezani. Kikomo ni saa 2, na kwenye joto linalozidi nyuzi 32, la kawaida kabisa Mombasa na Dar es Salaam wakati wa kaskazi, ni saa 1. Kibanda cha mkaa au chungu ndani ya chungu vinafaa kwa mboga nzima maeneo makavu kama Dodoma na Kajiado. Pwani, penye unyevu mwingi hewani, vinapoza kidogo tu, na popote vilipo havifikii baridi inayofaa mboga iliyokatwa.

Umeme ukikatika

Friji iliyofungwa hutunza baridi yake kwa takriban saa 4. Kwa hiyo umeme ukienda, mlango usifunguliwe kwa udadisi. Wanaoishi na mgao hugandisha chupa za maji na kuziacha tayari kwenye friza. Umeme ukikatika chupa moja inahamishiwa rafu ya juu, maana hewa baridi hushuka. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, kipimajoto ndicho kinachoamua. Mboga za majani zilizokatwa ambazo zimekuwa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2 hazifai tena kwa saladi wala kurudishwa kungoja kesho.

Zinapozidi: friza

Mboga isiyoweza kuliwa ndani ya siku chache igandishwe ikiwa bado nzuri. Kugandisha peke yake hakuzimi vimeng'enya, ndiyo maana mboga nyingi hutumbukizwa kwanza kwenye maji yanayochemka: njegere dakika 1 na nusu, karoti za vipande na mchicha dakika 2, mishiri na sukuma wiki dakika 3, kuanzia maji yanapochemka tena. Kisha zinatiwa kwenye maji ya barafu kwa muda kama huo, zinachujwa, zinakaushwa, na kufungwa kwa kipimo cha mlo mmoja. Hoho na vitunguu havihitaji kuchemshwa. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kisamvu kina utaratibu wake. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi. Kutwanga kunaianzisha itoke, na kuchemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kunaiondoa. Kwa hiyo kitwangwe, kichemshwe, kipoe, ndipo kigandishwe kwa mafungu. Hivi ndivyo jamii za Wakongo, ambao mashariki mwa nchi yao hukiita sombe na magharibi pondu, wanavyokipata hata Brussels: kwenye maduka ya mtaa wa Matonge kinauzwa kikiwa kigumu kama tofali. Kinachouzwa kikiwa kimetwangwa tu bila kuchemshwa bado kinadai jiko la muda mrefu.

Kila chombo kibandikwe kipande cha karatasi chenye tarehe, na cha zamani kiwe mbele. Mboga iliyonyauka tu, isiyo na harufu, inafaa kwa supu au mchuzi siku hiyo hiyo. Yenye utelezi, harufu ya uchachu, ukungu au maji ya rangi chini ya chombo itupwe yote, pamoja na ile ya juu inayoonekana nzima. Chombo kioshwe kwa maji moto na sabuni, mpira wa mfuniko uchomolewe na kusuguliwa upande wa ndani, na kikauke kabisa kabla hakijatiwa mboga nyingine.